Jicho la Mtoto Halingoji
Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano wa mwaka, Nakuru



Halmashauri imetuomba tunene machache juu ya macho ya watoto wadogo, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Maneno yetu twayaelekeza hasa kwa wazee. Katika nyumba nyingi za kwetu, toka Molo na Njoro hata Gilgil na Naivasha, mama huenda kazini alfajiri, na mtoto hubaki mikononi mwa nyanya yake. Tena ugonjwa ukiingia nyumbani, mara nyingi neno la mzee ndilo limpelekalo mtoto hospitali, au limwekalo nyumbani.

Wazee wanayajua magonjwa ya macho. Katika miaka ya 2007 na 2008 wataalamu walizunguka Nakuru wakapima macho ya watu zaidi ya 4,000 waliotimiza miaka 50 au kuipita, na katika 2013 na 2014 wakarudi kuwatafuta watu wale wale. Na ugonjwa unaopofusha wazee kuliko mwingine ni ule tuuitao mtoto wa jicho: lenzi iliyo nyuma ya mboni huingia ukungu, na mtu huona kama atazamaye kupitia kioo kilichopakwa maziwa. Mzee akikawia mwaka mmoja kabla ya kupasuliwa, aghalabu ukungu ukiondolewa na kutiwa lenzi ya kutengenezwa, huona tena. Zamani wazee waliambiwa hata wangoje mpaka ukungu ukomae.

Hapo ndipo penye hatari. Tuliyojifunza kwa macho yetu wenyewe twayapima nayo macho ya mtoto, na mambo hayo hayalingani kabisa. Mtoto mchanga naye aweza kuzaliwa na ukungu huo huo. Pengine ni jambo la ukoo. Pengine mama alishikwa na rubela alipokuwa mja mzito, kama alivyotambua daktari Norman Gregg wa Australia mwaka 1941. Na mara nyingi sababu haionekani. Lakini iwayo yote, ukungu wa mtoto haungojwi ukomae.

Sababu yake ni hii. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Ni kazi ya jicho na ubongo pamoja. Mzee alikwisha jifunza kuona tangu utoto wake, kama mtu aliyekwisha jua kusoma: mnyang'anye kitabu miaka miwili, kisha mrudishie, atasoma. Mtoto hajajifunza bado, na ubongo wake hupokea mafunzo hayo katika miezi na miaka ya mwanzo tu. Wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili kwa paka. Walishona kope za jicho moja la paka mchanga kwa miezi ya kwanza ya maisha yake. Walipozifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo haukulisikiliza tena. Paka mzima alipofanyiwa vivyo hivyo, hakudhurika. Kwa kazi yao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Basi mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito yafaa apasuliwe katika majuma ya mwanzo ya maisha yake. Akiletwa ana miaka minne, huenda kupasuliwa kukafanikiwa, jicho likatakata, na bado asione sawasawa. Hata hivyo na apelekwe, maana kuona kidogo ni bora kuliko giza.

Mtoto hawezi kusema, "Sioni vizuri," kwa kuwa hajui kuona vizuri kulivyo. Yatupasa sisi tumtazame. Dalili ni hizi.

Kwanza, mboni yenye weupe, au jicho ling'aalo kama la paka gizani. Siku hizi hata picha ya simu huonyesha: jicho moja hutoka jekundu kwa mwanga wa kamera, la pili jeupe. Huo waweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano.

Pili, mtoto wa majuma sita asiyeutazama uso wa mama, au wa miezi mitatu asiyefuata kitu kipitacho mbele yake, au mwenye macho yachezayo bila kutulia.

Tatu, makengeza yanayoendelea baada ya mwezi wa nne. Tusiseme ni uzuri, wala tusiseme yatakwisha yenyewe. Ubongo huliacha jicho lililopinda, na pengine makengeza ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ile.

Nne, usaha machoni mwa mtoto aliye chini ya mwezi mmoja. Apelekwe siku ile ile, kwa maana vijidudu vingine alivyovipata wakati wa kuzaliwa vyaweza kutoboa jicho kwa siku chache.

Tano, jicho kubwa kupita kiasi, litoalo machozi na kukimbia mwanga.

Nyanya aweza pia kuliziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Mtoto akilia upande mmoja tu, huenda lile lililoachwa wazi halioni.

Juu ya saratani, wazee, hatuna budi kusema wazi. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikiachwa, hupita kwa mshipa wa jicho hata ubongoni, ikaua. Pengine daktari atasema jicho liondolewe ili mtoto aishi. Ni neno zito, na wako wanaomchukua mtoto wao na kurudi nyumbani. Lakini jicho hilo aghalabu limekwisha poteza nuru yake. Mtoto mwenye jicho moja hukua, husoma, huoa au kuolewa. Tusilishike jicho, tukampoteza mtoto.

Kinga nayo ipo. Mtoto achanjwe surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Apewe vitamini A tangu miezi 6, kila baada ya miezi 6, hata atimize miaka mitano. Na jichoni asitiwe kitu kisichotoka kwa daktari, yawe maji ya majani au maziwa ya mama.

Safari na ianzie katika zahanati iliyo karibu, kisha hospitali kuu ya Nakuru. Kumpasua mtoto mchanga kwahitaji mabingwa wa macho na wa dawa ya usingizi, na kwa hiyo huenda akatumwa Hospitali ya Kikuyu au Kenyatta, Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi. Wala safari si moja. Baada ya kupasuliwa mtoto huvaa miwani, hufunikwa jicho lililo zima kwa saa kadha wa kadha ili lile dhaifu lifanye kazi, naye hurudi kupimwa mara nyingi kwa miaka. Hapo nauli ndiyo huwashinda wazazi.

Kwa sababu hiyo twatoa shauri mbele ya mkutano huu. Msiba ukitokea, chama huchanga kabla jua halijatua, nalo ni jambo jema. Twaomba sehemu ya mfuko wetu itengwe kwa nauli ya mtoto wa mwanachama aliyetumwa kwa daktari wa macho, ya kwenda na ya kurudi, hata daktari aseme yatosha. Tena kila mzee akifika nyumbani, na awaite wajukuu zake mlangoni penye mwanga, awatazame mboni mmoja mmoja.

Subira yavuta heri, wazee walisema. Lakini ni wao pia waliosema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa jicho la mzee, subira yaweza kusamehewa. Kwa jicho la mtoto, twaomba tuifuate methali ya pili.