Moyo Hauamrishwi Kufurahi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watu wa mitaa, siku ya jubilei)



Leo twasikia nyimbo na vigelegele, nasi twashukuru. Lakini twajua wako miongoni mwetu waliokuja na mzigo moyoni: mwenye msiba, mwenye deni, mwenye mgonjwa nyumbani. Hao huambiwa mara nyingi, "Fikiri mema tu, nawe utafurahi." Maneno hayo husemwa kwa wema, lakini yatupasa kuyapima, maana huenda yakamwumiza mtu.

Mafundisho ya namna hiyo si ya jana. Huko Ufaransa alikuwako mwuza dawa, Émile Coué (1857–1926), aliyewafundisha watu kujiambia asubuhi na jioni ya kwamba hali yao yazidi kuwa njema. Wengi walimfuata. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Kanada walitangaza habari za jaribio lao. Waliwataka watu wakariri kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo hawakupata nafuu. Walijiona vibaya kuliko wenzao wenye kujidharau vilevile, ambao hawakuyakariri maneno hayo. Ulimi ukisema jambo ambalo moyo haulisadiki, moyo hubisha. Ndipo mtu hubaki na huzuni mbili: ya taabu yake, na ya kushindwa kufurahi.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Tena katika lugha yetu, mtu mwenye taabu twasema, "Ana mawazo." Basi ikiwa mawazo ndiyo mzigo wenyewe, kumwongezea mawazo mengine, hata yakiwa mazuri, si kumtua.

Washona wa Zimbabwe nao husema *kufungisisa*, yaani kufikiri mno. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi huko Mbare, mtaa wa mji wa Harare, pamoja na wanawake wazee 14. Bibi hao huketi na mwenye taabu juu ya benchi, nje ya zahanati. Hawamwambii, "Usilie." Humsikiliza hata azitaje taabu zake, kisha humwuliza, "Katika hizi, tuanze na ipi?" Huchagua moja, hutafuta pamoja hatua ndogo iwezekanayo, naye huenda kuitenda, kisha hurudi kueleza ilivyokuwa. Kazi hiyo ilipimwa kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache za huzuni nzito kuliko waliopata matunzo ya kawaida.

Hatusemi kwamba tumaini ni kitu bure. Twasema kwamba moyo hauamrishwi. Furaha humrudia mtu polepole, akiisha kuitaja kweli yake mbele ya mwenzake, na mikono yake ikapata jambo la kutenda.

Kwa hiyo, enyi walimu, mtoto aliyefiwa akikaa kimya darasani, msimwambie, "Changamka." Mwulizeni habari za nyumbani, mngojeeni ajibu, kisha mpeni kazi ndogo pamoja na wenzake. Nanyi majirani, mwenye deni msimpe maneno matamu. Ketini naye mhesabu deni lote, mwangalie ni kiasi gani aweza kulipa mwezi huu. Haba na haba hujaza kibaba. Tena yule ambaye huzuni imemnyima chakula na usingizi siku nyingi, au anayesema hataki kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali upesi.

Sikukuu hii itakwisha, na nyumba zenye taabu zitakuwa pale pale. Kila mmoja wetu aijua moja. Na tuende huko juma hili, tuketi, tusikilize kwanza.