Mafuta ya Ngozi: Tununue Yapi?

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi na kamati za sharika, Igogwe)



Mwaka jana tuligawa losheni kwa watu wenye ualbino wa sharika hizi. Tulifurahi, na picha tukapiga. Leo hatuna budi kukiri kwamba tulikosea. Losheni ile ilikuwa ya kulainisha ngozi tu, haikuwa na kinga ya jua hata kidogo. Mama mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Alituonyesha shingo ya mwanawe yenye vidonda, akasema, "Lakini kila asubuhi nampaka mafuta yenu."

Kosa letu lina asili. Huku Rungwe mvua na ukungu tumevizoea, na mafuta tunayajua kama dawa ya baridi: ngozi isipauke, visigino visipasuke. Kwa kazi hiyo mafuta ya mgando yanatosha, tena yanashinda losheni nyepesi yenye maji mengi, hasa yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Lakini mionzi ya jua hupenya mawingu, na huku milimani ina nguvu kuliko tambarare. Mtu mwenye ualbino hana rangi ya kutosha kumkinga. Kidonda kisichopona kwake chaweza kuwa saratani.

Anachohitaji ni mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa KCMC Moshi, yenye kinga namba 30. Hupakwa kwa wingi kabla ya kutoka nje, na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Kofia pana na mikono mirefu bado ni lazima.

Akina mama mmetuuliza pia juu ya mkorogo. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni huondoa rangi ile ile ambayo wenzetu wenye ualbino wanaikosa. Krimu za steroidi, ambazo daktari huandika kwa muda mfupi kutibu ukurutu, zikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni miaka mingi iliyopita, ila gulioni bado vipo. (Akina baba msicheke, baadhi yenu tumewaona.)

Fedha zilizobaki hazitanunua losheni tena. Kila kamati ituletee majina ya watu wenye ualbino, watoto wachanga wakiwamo, kabla ya mgawo ujao. Mwenye kidonda asingoje mgawo, apelekwe Hospitali ya Igogwe wiki hii. Nauli tutalipa.