Farasi Aliyejua Hesabu

Leo tuzungumze juu ya saikolojia, yaani elimu ya mawazo na tabia. Mguu ukivunjika, daktari huutazama. Lakini mawazo hayaonekani. Basi wataalamu hujuaje yaliyomo kichwani? Sikilizeni habari za farasi mmoja.

Aliitwa Hans, naye alikaa Berlin, katika nchi ya Ujerumani. Mwenyewe, mzee Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alimfundisha Hans kwa ubao kama mtoto wa shule. Akimwuliza, "Mbili na tatu ni ngapi?" Hans hupiga ukwato mara tano, akaacha. Watu walijaa uani kutazama, wala mzee hakuwatoza hata senti.

Mwaka 1904 wakaja wachunguzi. Walikuwamo walimu, mkuu wa bustani ya wanyama, hata mwenye sarakasi, mtu azijuaye hila zote. Hawakuona hila. Wageni nao walipomwuliza Hans, mzee hayupo, alijibu sawasawa. Wewe ungesema nini? Wengi walisema, basi, farasi anajua hesabu.

Oskar Pfungst hakuridhika. Hakubishana na mtu. Alibadili jambo moja, akahesabu majibu. Kisha akabadili jingine. Mtu mmoja alimnong'oneza Hans namba sikioni, na mwingine akamnong'oneza namba ya pili, wala wawili hao hawakuambiana. Sasa hapakuwa na mtu aliyejua jumla. Hans akashindwa. Tena Pfungst akamziba macho pembeni asimwone mwulizaji. Mara nyingi akashindwa.

Ndipo siri ikajulikana. Mwulizaji huinama kidogo kuutazama ukwato, na Hans huanza kupiga. Hesabu ikitimia, mwulizaji huinua kichwa kidogo mno, pasipo kujua, na Hans huacha. Hakusoma namba, alisoma watu. Nami nasema hiyo nayo si akili ndogo! Wala mzee hakuwa mwongo. Aliamini kwa moyo wake wote.

Pfungst alitoa kitabu chake mwaka 1907. Siku hizi dawa mpya ikijaribiwa, mara nyingi mgonjwa hajui kama amepewa dawa au kidonge kitupu, na daktari anayempima hajui vilevile, uso wake usije ukamwambia.

Na sisi je? Mwalimu akikuonyesha neno ubaoni, unalitazama neno, au unamtazama yeye? Labda umesema "baba", ukaona amekunja uso, ukageuza upesi, "bibi".

Jaribuni hivi darasani. Andikeni maneno 20 mliyojifunza, kila neno katika karatasi yake. Kunjeni karatasi, mzichanganye, mzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza, msomaji asome huku mwalimu akiliona neno na kumtazama. Fungu la pili, asome kwa sauti kwanza, ndipo amwonyeshe mwalimu karatasi. Andikeni amepata mangapi katika kila fungu, mlete hesabu zote mbili katika somo lijalo. Kwaherini.