MABENCHI YETU WENYEWE
Hotuba ya mwanachama aliye fundi seremala, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri iliniomba nizungumze juu ya jinsi mtu asiye fundi awezavyo kuanza kutengeneza samani za mbao kwa mikono yake mwenyewe. Nimelikubali jambo hilo kwa furaha, lakini nitalieleza kwa njia inayokihusu Chama chetu moja kwa moja, yaani habari ya mahali pa kukaa watu siku ya msiba.

Kila mmoja wetu aijua desturi yetu. Mwanachama akifiwa, jambo la kwanza ni kukusanya michango. Jambo la pili, aghalabu hata kabla ya jeneza kununuliwa, ni kukodi viti. Matanga huendelea siku kadhaa. Viti hulipiwa kila siku, gari la kuvileta hulipiwa, na kiti kikivunjika hulipiwa pia. Fedha hizo zatoka katika mfuko ule ule ambao tumeuchangia kwa ajili ya mjane na watoto wake. Sisemi haya ili kumlaumu Mweka Hazina, wala wenye biashara ya kukodisha viti, kwa maana hao nao watafuta riziki yao. Nasema tu kwamba mabenchi yaweza kutengenezwa na wanachama wenyewe, hata wale ambao hawajapata kushika msumeno, na kwamba benchi ndilo somo la kwanza limfaalo mtu anayeanza useremala.

Mtu anayeanza kazi hii mara nyingi hutamani kuanza na kabati lenye milango ya kioo, au kitanda chenye nakshi kichwani. Hununua mbao, huziharibu, kisha husema kwamba useremala ni kipawa cha watu fulani tu. Sivyo hata kidogo. Saraka ya kabati yataka kulingana kila upande, na mlango ukikosea kidogo tu haufungi. Benchi lina vipande vichache, na vyote vimenyoka. Lakini sheria zote za useremala zimo ndani yake. Aliyetengeneza benchi lisilotikisika amekwisha kujifunza nusu ya meza na nusu ya kitanda.

Natupige hesabu kidogo. Mtu mzima huhitaji nafasi ya inchi 18 kukaa bila kubanwa. Basi benchi la futi 6, yaani inchi 72, hukalisha watu 4, na mabenchi 25 hukalisha watu 100. Kwa kila benchi twahitaji mbao mbili za kukalia, kila moja upana wa inchi 6, unene wa inchi 2 na urefu wa futi 6. Jumla ni futi 12. Miguu minne, mataruma mafupi ya kuiunganisha miguu hiyo, na taruma refu la katikati, vyote hutoka katika futi 16 za mbao ya inchi 3 kwa 2, pamoja na kile kidogo kitakachopotea kwa msumeno. Kwa mabenchi 25, basi, ni futi 300 za mbao pana na futi 400 za mbao nyembamba. Huo si mzigo wa kututisha, hasa tukikumbuka kwamba wengi wetu tuna miti katika mashamba yetu.

Sasa nije kwenye mbao zenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mnajua kwamba mwezi wa Februari 2018 Serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, na kwamba Rais alitangaza kuondoa kizuizi hicho mwezi wa Julai 2023. Katika miaka ile wauza mbao walitegemea zaidi miti ya mashambani mwa watu na mbao zilizotoka nchi jirani. Miti ya mashambani ni mizuri, lakini mara nyingi hukatwa ingali michanga, hupasuliwa asubuhi na kuuzwa jioni. Mbao kama hiyo imejaa maji. Ikikauka baada ya kuwa benchi, hupungua upana, hujipinda, na viungo hulegea. Hapo mwanafunzi hujilaumu, kumbe kosa lilikuwa katika mbao kabla hajaigusa.

Yafaa tujue kwamba mbao haipungui sawasawa pande zote. Kwa urefu wake hupungua kidogo mno hata huwezi kuona, lakini kwa upana hupungua sana. Ndiyo sababu mbao pana hubenuka, na ndiyo sababu nashauri mbao mbili za inchi 6 zenye mwanya wa nusu inchi katikati, badala ya mbao moja ya inchi 12. Mwanya huo huipa mbao nafasi ya kutanuka wakati wa mvua na kupungua wakati wa kiangazi, tena maji hayatuami juu yake.

Kukausha mbao hakuhitaji mtambo. Huhitaji kivuli, upepo na subira. Pangeni mbao juu ya matofali, futi moja kutoka ardhini ili mchwa wasizifikie kwa urahisi. Kati ya safu na safu wekeni vijiti vya unene mmoja, kila futi mbili, kimoja juu ya mwenzake kama nguzo. Ncha za mbao zipakeni rangi, kwa kuwa maji hukimbilia kutoka nchani, na ncha ikikauka kabla ya katikati hupasuka. Kisha chagueni mbao moja, mwitie alama, mwipime kwa mizani kila juma, na kuandika uzito wake. Maadamu uzito unapungua, mbao ingali mbichi. Uzito ukisimama majuma kadhaa, mbao imekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali pale. Mbao za inchi 2 zaweza kuchukua miezi mingi. Asiyeweza kungoja, heri anunue mbao zilizokwisha kukaushwa, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

Juu ya aina ya miti, saipresi ni laini kwa randa na humfaa sana anayeanza. Mgrevilea, ule tuuonao katika mashamba ya kahawa na chai, nao ni mzuri na una sura ya kupendeza. Walioko pwani wana mwembe na mwarobaini. Mkaratusi ni mgumu na wenye nguvu, lakini hupinda na kupasuka sana ukikauka. Afadhali mwanafunzi auache mpaka mkono wake uzoee.

Vyombo vya kazi ni vichache: msumeno, randa, patasi mbili, nyundo ya chuma na nyundo ya mti, guni, futi ya kupimia, kekee ya kutobolea, na kinoo. Nakitaja kinoo mwisho, lakini kwa kazi ni cha kwanza. Patasi butu hulazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iponyokayo na kukata kiganja. Patasi kali hutii. Mfundisheni kila kijana jambo hili kabla hajaanza: mikono yote miwili iwe nyuma ya makali, na mbao ifungwe au ibanwe, isishikwe kwa mkono mmoja huku ikikatwa kwa mwingine.

Katika kupima, msitegemee futi kwa kila kipande. Chukueni kijiti kimoja kilichonyoka, mtie alama zote za benchi juu yake: urefu wa mguu, mahali pa taruma, urefu wa taruma. Kisha kila kipande kipimwe kwa kijiti hicho hicho. Hata kama kijiti kina kosa dogo, miguu yote itakuwa na kosa hilo hilo, na benchi litasimama sawa. Kwa mabenchi 25 yatakayotengenezwa na mikono mbalimbali, kijiti hicho kitalinda kazi kuliko maneno mengi. Mguu uwe wa inchi 16. Ukiongeza unene wa mbao ya kukalia, kimo kitakuwa inchi 18, nacho chawafaa wazee ambao magoti yao hayapendi kiti kifupi.

Ili kujua kama pembe ni sawa, na guni halipo, pimeni futi 3 upande mmoja wa pembe na futi 4 upande wa pili. Kutoka alama hii hadi ile pawe futi 5 kamili. Waashi hutumia hesabu hiyo hiyo wakipima msingi wa nyumba. Na kiunzi kikiisha kuunganishwa, pimeni kutoka kona hadi kona ya mkabala. Vipimo viwili vikilingana, kiunzi hakikwenda upande.

Sasa viungo. Anayeanza hupenda msumari kwa sababu ni wa haraka. Lakini msumari uliopigwa kwenye ncha ya mbao, ukifuata nyuzi zake, haushiki vizuri. Na watu wanne wakikaa na kuinuka siku nzima, benchi huyumba mpaka msumari ukalegea. Jifunzeni kiungo cha ulimi na tundu. Ncha ya taruma ichongwe iwe ulimi wenye theluthi moja ya unene wa mbao, na mguu utobolewe tundu la kuupokea ulimi huo. Toboeni kwanza kwa kekee, kisha mwisafishe kwa patasi, mkianzia pande zote mbili na kukutana katikati ili mbao isipasuke upande wa nyuma. Ulimi uingie kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Ukiingia kwa kidole umelegea mno, na ukitaka kupigwa sana utapasua mguu. Tieni gundi, kisha mpitishe kijiti cha mti mgumu kukatiza kiungo. Kiungo cha kwanza cha mwanafunzi kitakuwa kibaya. Basi na kiwe katika kipande cha mbao mbovu, na cha pili vivyo hivyo, na cha tatu, mpaka mkono ujue. Haraka haraka haina baraka.

Wazee wangu, nimesikia maneno mawili ya kuupinga mpango huu, na yote mawili yana haki ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba tutawanyang'anya mafundi wetu kazi. Nami ni mmoja wao, na siogopi. Mtu ambaye amepiga randa mbao moja kwa mkono wake, kisha akaona saa ngapi zimepita, habishani tena juu ya ujira wa fundi. Atajua pia kuitambua mbao mbichi iliyopakwa vanishi, na hivyo fundi mwaminifu atapata wateja, na mdanganyifu atawakosa.

La pili ni kwamba vijana wetu hawatataka kazi ya mikono. Hapo nitawakumbusha habari za Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Ukambani. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 alifika Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa huko. Aliporudi kwao, akaifanya kazi ya kuchonga. Wakamba walikuwa wakichonga vigoda na miiko tangu zamani, lakini kutokana na kazi yake ufundi huo ulienea Wamunyu hata ukawa biashara, na leo vinyago vya Wakamba vyajulikana katika nchi nyingi. Ufundi ule haukuanza kwa chuo wala kwa fedha nyingi. Ulianza kwa mtu aliyetazama, akajaribu, na majirani wakamtazama yeye. Vijana hufuata kazi wanayoiona ikifanywa na watu wanaowaheshimu. Mzee mmoja akishika randa mbele ya wajukuu wake, atakuwa amefundisha kuliko hotuba hii.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ufikirie mambo matatu. Kwanza, Chama kinunue seti mbili za vyombo nilivyovitaja, vitiwe katika sanduku lenye kufuli, na viandikwe katika daftari kila vinapoazimwa na kila vinaporudishwa. Pili, kila mwanachama mwenye mti uliokomaa shambani afikirie kutoa mti mmoja, na kupanda miche mahali pake; mbao zake zikaushwe chini ya paa moja kwa uangalizi wa Halmashauri. Tatu, siku moja ya Jumamosi kila mwezi iwe siku ya kazi, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, maana patasi haiulizi ni nani aishikaye. Mimi na mafundi wenzangu wa Chama hiki tutafundisha bila malipo mpaka benchi la 25 litakapokamilika.

Mabenchi yakiisha, yapigwe chapa ya Chama na kuhifadhiwa mahali pakavu. Akifiwa mwanachama, yataletwa kwake bila kulipiwa, na kile ambacho kingekwenda kwa kukodi viti kiandikwe wazi katika hesabu ya mwaka, katika mstari wake wenyewe, kuwa kimekabidhiwa mjane. Mwaka ujao, taarifa kama hii itakaposomwa, wanachama waweze kuutazama mstari huo na kuona wenyewe kama mpango huu ulikuwa na maana au haukuwa nayo.