Bakora Haisomeshi

Napenda kuwausia faida moja niliyoipata katika kozi ya ualimu, nikijiandaa kusomesha skuli.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alibainisha kuwa ukali humzoesha mtoto uongo na hila ili aepuke adhabu. Naye alielekeza somo lirudiwe mara tatu: kwanza kwa ujumla, kisha kwa ufafanuzi, mwisho kwa yaliyo magumu. Basi anayekosea mara ya kwanza hajaasi, yumo njiani.

Tujiulize: anayehifadhi Juzuu Amma kwa kuiogopa bakora, atabaki na nini siku bakora itakapoondoka? Enyi wazazi, msituletee mtoto pamoja na fimbo. Mleteni pamoja na subira.