Kupanda Elephant Hill kwa siku moja: maandalizi ya kikundi cha Nyansiongo

Haya ni maelezo aliyotoa mwongozaji wa safari za milimani kwa vijana na walimu wa Nyansiongo, Kaunti Ndogo ya Borabu, wanaojiandaa kupanda Elephant Hill katika milima ya Aberdare. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakaazi wengine wenye nia kama hiyo.

  

Mmeniita niwaambie mbebe nini. Nitafika huko, lakini kwanza tuzungumze kuhusu saa, kwa sababu mtu aliyesahau sweta anaweza kuazima ya mwenzake, ila saa zikiisha hakuna wa kukuazima.

Kilele tunachokiendea kiko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Tunaanzia kituo cha misitu cha Njabini, upande wa Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Kutoka hapo hadi juu ni kama kilomita 9 au 10, na tunapanda takribani mita 1,000. Mnaweza kusema kilomita 10 ni kama kutembea sokoni na kurudi. Sivyo. Kuna Mskoti aliyeitwa William Naismith ambaye mwaka 1892 alitoa hesabu ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mlima wetu hiyo inatoa saa tatu na nusu hivi kwenda juu. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu aliyezoea, kwenye njia nzuri. Sisi tuna kikundi kikubwa, matope, na wengi ni mara yao ya kwanza. Wekeni saa tano hadi sita kupanda, na tatu hadi nne kushuka.

Kwa hivyo tunaanza kutembea saa moja asubuhi, na saa saba mchana tunageuka. Popote tulipo. Hata kama kilele kinaonekana. Mkigeuka saa saba mnafika chini saa kumi na moja, na giza linaingia saa kumi na mbili na nusu. Hiyo saa moja na nusu ya akiba ni ya kifundo cha mguu kilichoteguka, ni ya mtu aliyeishiwa nguvu. Si ya kupiga picha.

Najua litakalotokea. Mtu amechanga pesa yake miezi mitatu, amewatangazia jamaa wote, na anaambiwa arudi akiwa amebakisha nusu saa. Atakataa. Ndiyo maana nataka mchague leo, tukiwa hapa chini na akili zimetulia, mshika saa mmoja ambaye neno lake halipingwi. Asiwe mwenyekiti, na asiwe mweka hazina, kwa sababu hao wawili ndio watu wataanza kuwalilia habari ya michango. Mimi ningemchagua mwalimu wa shule ya msingi. Amezoea kupiga kengele na kuchukiwa.

Sasa msitu wenyewe. Wengi wetu tumekua tukiyaita mashamba ya mikaratusi msitu. Kule mtakuta kitu kingine. Mnaingia kwenye miti ya asili, kisha mianzi iliyosongamana hadi huoni mbele, njia ni matope na mizizi, na visiki vya mianzi iliyovunjika vina ncha kali. Ukiteleza, usishike mwanzi bila kutazama. Gambuti tunazovaa kwenye majani chai zinawafaa wengine, lakini kwa saa kumi zitawachubua. Viatu vya kufunga kamba vyenye meno ni bora, na viwe vimevaliwa wiki kadhaa kabla. Msinunue vipya kwa ajili ya siku hiyo. Baada ya mianzi mnatokea mahali wapanda milima wanapaita Point of Despair, yaani pa kukata tamaa, na jina linajieleza. Kutoka hapo ni uwazi, upepo na migongo ya kilima inayofanana na mwili wa tembo. Kila mgongo unadhani ndio wa mwisho.

Tembo wa kweli wapo pia, na nyati. Hatuingii bila askari wa misitu au wa wanyamapori. Akisema nyamazeni, tunanyamaza. Akisema tusubiri, tunasubiri. Ada zinalipwa kupitia eCitizen, na viwango hubadilika, kwa hivyo katibu apige simu kituoni wiki mbili kabla, athibitishe na aombe askari wa kututosha.

Baridi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo na mvua huongeza. Nguo ya pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Acheni jinzi nyumbani. Vaeni sweta ya sufu au ya nailoni, jaketi ya mvua, na soksi za ziada ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu akitetemeka, mpeni nguo kavu, chai yenye sukari na mwendo. Akianza kujikwaa na kuongea maneno yasiyoeleweka, hiyo si uchovu tena, mwili unapoteza joto. Mvueni nguo za maji, mfunikeni, mkingeni upepo. Na akiacha kutetemeka huku bado amelowa, msifurahi. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Kuhusu radi, watu wa Gusii hatuhitaji kuelezwa. Tumezika jamaa zetu. Lakini bado naona watu wakikimbilia chini ya mti mmoja mvua ikianza. Mkiwa kwenye mgongo wa kilima mkasikia ngurumo, tunashuka mara moja, hata kama ni saa nne asubuhi. Ndiyo maana hatuendi Aprili wala Novemba. Agosti ina ukungu na baridi kali, lakini mvua ni chache kuliko miezi hiyo, na walimu wako likizo.

Chakula: viazi vitamu, ndizi, mayai ya kuchemsha, njugu. Maji lita 3 kila mtu. Tochi kila mtu, si moja ya kikundi. Simu si tochi, na msituni mtandao hukatika. Kabla ya kuingia tutaacha majina na saa ya kurudi kwa mtu wa chini, tukampa na nambari za dharura: 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199.

Nani asiende? Mwenye shinikizo la damu, pumu, moyo au ujauzito azungumze na daktari kwanza, hapa Nyansiongo, si kule Njabini. Na kuna wenye afya ambao hawatakuwa tayari. Nitawaambia bila haya. Atakayeanza kuumwa kichwa na kutapika tukiwa juu atashuka pamoja na mtu. Hakuna anayeshuka peke yake. Wa polepole zaidi anatangulia, na mtu mwenye nguvu anafunga nyuma.

Niongee kidogo kuhusu gari, maana hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Wanataka kutoka hapa saa nne usiku, wapite Bomet, Narok na Mai Mahiu, wapande asubuhi bila kulala, warudi usiku huo huo. Dereva amekesha na abiria wote wamesinzia. Kwangu mimi hatari hiyo inauzidi mlima. Na kwa kuwa wengi wenu ni Wasabato, Jumamosi haitumiki. Basi tusafiri Jumapili mchana, tulale Njabini, tupande Jumatatu, tulale tena, turudi Jumanne. Gharama itaongezeka. Ongezeni wiki za kuchanga, lakini msikate usiku wa pili.

Mkiwa pale Njabini tazameni bwawa la Sasumua. Maji yake yanakunywewa Nairobi, na yanatoka kwenye msitu huo mtakaoupita.

Mazoezi yanaanza Jumapili hii, wiki nane kabla. Tutaanza na kilima cha Manga (mambo ya mpaka na jirani zetu wa Kisii siyaingilii), kisha Kiabonyoru, kila mtu akiwa na mzigo wa kilo 5 mgongoni. Asiyepanda Manga mara mbili mfululizo bila kupumzika zaidi ya dakika kumi, jina lake halitaenda kwa askari wa Njabini. Tunaondoka stendi ya Nyansiongo saa kumi na mbili asubuhi, na mshika saa wenu mpya ndiye atakayeamua gari likiondoka nani ameachwa.