Picha Ichukuliwe Wapi?

Maneno ya kamati mbele ya wanachama na wageni, Salamabila

 

Mbele ya kufungua daftari la likelemba, tuko na neno moja. Wengi wenu mulikuwa hapa ule usiku tulipowasha grupe na kuonyesha ile sinema ya Wajerumani. Kesho yake mama mmoja akatuuliza: "Bandugu, mambo ya Wazungu yale yanatuhusu nini?" Leo tunamjibu.

Sinema ile inaitwa Nirgendwo in Afrika, maana yake "hakuna mahali katika Afrika." Iliongozwa na mwanamke, Caroline Link, ikatoka mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapata Oscar. Imetoka katika kitabu cha Stefanie Zweig, aliyeandika maisha ya jamaa yake. Walikuwa Wayahudi. Mwaka 1938 walikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Kenya. Baba alikuwa avoka kwao. Kenya akawa wa kuchunga shamba la mtu mwingine. Mke wake alikuja na sahani nzuri na nguo ya karamu, na bwana alikuwa amemwandikia alete friji. Tulicheka sana pale. Lakini kati yetu kuna waliokimbia usiku, na walipofika Kasongo wakaona wamebeba redio mbovu na sufuria imebaki jikoni.

Vita ilipoisha, baba akapata kazi ya hakimu Frankfurt. Mama hakutaka kurudi: wazazi na ndugu waliobaki kule walikuwa wameuawa. Walirudi mwaka 1947. Na Frankfurt haikuwa kwao. Leobschütz, mji ambamo mwandishi alizaliwa, ulikuwa umeingia Poland. Walirudi katika inchi, hawakurudi kwenye mlango wao. Hiyo tunaijua. Kuna mtu hapa amerudi Salamabila na mpaka leo analala kwa shemeji, juu parsele yake iko na mtu mwingine ndani.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Waliotengeneza sinema ile wangeweza kwenda Afrika Kusini, kule vyombo vya sinema vilikuwa vingi. Link alitaka Kenya, mahali mambo yenyewe yalipotendeka. Ndiyo maana mulisikia Kiswahili mle ndani. Si Kiswahili chetu cha Maniema, lakini hata watoto walikielewa. Yule mpishi, Owuor, anachezwa na Mkenya, Sidede Onyulo, naye anasema kama mtu aliye kwao. Mahali pa kuchukulia picha panasema neno, hata kama hakuna anayefungua kinywa.

Na sisi tulikosa hapo. Munakumbuka wageni waliokuja kuchukua picha za waliorudi. Mama mmoja, mwanachama wetu, nyumba yake ilikuwa nzima, mabati tu ndiyo yaliondoka. Wageni wakasema haionyeshi vizuri. Wakamsimamisha mbele ya nyumba iliyoungua, ya jirani ambaye bado hajarudi. Sisi wa kamati tulikuwa pale, tukanyamaza, juu tulitaka msaada ufike upesi. Picha ikazunguka katika simu mpaka Kasongo. Jamaa ya jirani wakaiona, wakasema: "Yule mama anakamata parsele yetu." Ilifika kwa chef wa lokalite. Wazee walipaswa kutembea mpaka kwa mpaka, toka mwembe hadi kijito, ndipo maneno yakapoa. Mama hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, na leo tunamwomba msamaha mbele ya watu wote.

Kwa hiyo kamati inaleta mapatano matatu, muyakubali ao muyakatae.

Moja: mwenye kuchukuliwa picha ndiye anachagua mahali. Akisema shambani, ni shambani. Akisema hapana, ni hapana, na jina lake halitoki kwenye liste ya msaada.

Mbili: hakuna kusimama kwenye parsele ya asiyekuwapo. Kwetu ardhi inaleta vita kushinda pesa.

Tatu: picha irudi kwanza hapa, mwenyewe aione, ndipo iende mbali.

Nanyi marafiki, tunawaomba uvumilivu. Picha zetu hazitakuwa na moshi. Mutaona shamba la mihogo la mwaka wa kwanza, majani tu. Lakini fahamuni picha ile: mihogo inaomba karibu miezi 12, mahindi na karanga miezi 3 ao 4. Katikati ya jembe la kwanza na bukari ya kwanza ndipo watu wanarudi tena kule walikotoka, ao vijana wanaacha shamba na kwenda kuchimba zahabu upande wa Namoya. Mukiuliza msaada wenu unaishia wapi, unaishia katika miezi ile: mbegu, jembe, chumvi, na kitu cha kula mpaka mavuno. Hiyo haionekani katika picha ya nyumba iliyoungua.

Mwisho wa sinema, mama yule yuko ndani ya treni, anaondoka. Mwanamke anauza ndizi dirishani. Mama anasema hana pesa. Mwanamke anampa ndizi moja bure. Wamama wetu walipiga makofi pale, na hakuna aliyewaeleza maana.

Sasa mwenye neno juu ya mapatano haya asimame. Tukimaliza, mweka hazina atasoma daftari.